Makaburi ya Majani

Maduhu anadai kwamba asubuhi ile, alipokuwa akipeleka ng'ombe wake kunywa maji, alimkuta jirani yake Gaudensia akizika. Tena anadai hakuwa anazika kitu kimoja. Shamba zima la katikati ya mteremko lilikuwa limejaa makaburi, yamepangwa safu kwa safu, mengine bado mabichi, na msichana mwenyewe kajiinamia na jembe, jasho linamtiririka kama mtu anayekimbizana na jua. Maduhu alimsalimia kwa Kisukuma chake, "Mwangaluka!" Msichana akaitikia. Akamuuliza anafukia nini. Na hapa ndipo Maduhu anapoapa mpaka leo kwamba masikio yake hayakumdanganya: Gaudensia alimjibu, bila hata haya, kuwa anafukia mtumba.

"Mtumba?" wenzake walimuuliza pale sokoni Makanyagio. "Mtumba nguo?"

"Nguo! Sasa nyie niambieni, nguo za nani zinafukiwa ardhini kama si za marehemu?"

"Mbona unasema makaburi yenyewe ni ya mviringo?"

"Wamezikwa wamekaa," alisema Maduhu.

Habari ikapanda bodaboda. Jua lilipokuwa linakwenda kulala, wapo waliosema Gaudensia amezika nguo za baba yake ili mizimu imrudie, na wapo waliosema chini ya kila tuta amelala msukule anayengoja kuamshwa kulima. Gaudensia alipokwenda kununua chumvi, mwenye duka alipokea pesa yake kwa ncha za vidole, akamrushia pakiti juu ya meza.

Kumbe msichana wa watu alisema "ntumba." Hilo ni neno la Wafipa. Ntumba ni tuta la mviringo, la kufika magotini, ambalo ndani yake wamekunja nyasi mbichi na kuzifunika kwa udongo mwishoni mwa masika. Nyasi zinaoza humo taratibu. Msimu unaofuata tuta linafumuliwa, na kile kilichooza kinakuwa chakula cha mazao. Msukuma aliyezaliwa mbali na Ufipa angelijuaje neno hilo?

Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu. Jifya ndilo hilo watu wa Bara wanaloliita figa, lile jiwe la mekoni. Uwe na jiwe zuri kuliko yote, pana, gumu, lisilopasuka kwa moto, ukiliweka peke yake na kutegesha chungu juu yake, utakula majivu. Kwenye mteremko ule nje kidogo ya Ilembo, pale nyumba za mji wa Mpanda zinapoachana na mashamba kuanza, palikuwa na mafiga matatu. Tatizo ni kwamba kila figa lilitaka kuinjika chungu chake.

Figa la juu lilikuwa Mzee Kasimiri, Mkonongo aliyetoka Inyonga zamani, mfuga nyuki. Alibakiza msitu wake wa miombo juu ya kilima wakati wenzake wote walikwisha kufyeka, na mizinga yake ya magogo ilining'inia humo kama matunda makubwa. Figa la chini lilikuwa Maduhu mwenyewe, mwenye ng'ombe na lambo alilolichimba karibu na kijito. Katikati yao ndiko alikokaa Gaudensia na mama yake, Klementina, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umevimba na haukumruhusu tena kushika jembe.

Gaudensia alimaliza darasa la saba, akarudi shambani. Hakuwa mwepesi wa kusema. Mtu angeweza kumtukana leo naye akanyamaza, halafu baada ya wiki akamkuta bado anamtazama kwa macho yaleyale ya upole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Na kitu alichokuwa akikisoma siku zote kilikuwa lile shamba. Lilikuwa limechoka. Mahindi yalitoa magunzi ya ukubwa wa kidole gumba, na kiduha kilichanua maua yake ya zambarau kila mahali, maana gugu hilo hupenda udongo maskini kama inzi wanavyopenda kidonda.

"Kwetu Ufipa hatuchomi nyasi," mama yake alimwambia. "Tunazizika. Jaribu ntumba, mwanangu. Mimi nitakuelekeza nikiwa nimekaa hapa kwenye kigoda."

Ndiyo maana alizika. Alifanya kazi hiyo peke yake mpaka viganja vikaota sugu. Lakini mavuno yalipokwisha, ng'ombe wa Maduhu walipanda kutoka bondeni. Desturi ya watu wa pale ni kwamba mabua hayana mwenyewe. Ukishavuna, shamba ni la ng'ombe. Wakala mabua, wakapanda juu ya ntumba, wakazifumua kwa kwato na pembe.

"Kaka Maduhu," Gaudensia alimwendea, "ng'ombe wako wamenibomolea ntumba zangu."

"Ng'ombe wangu, dada, wanaogopa makaburi," alijibu Maduhu huku akitafuna kijiti. "Hao watakuwa wa mtu mwingine."

Kiangazi kilipokaza, Maduhu aliwasha moto kwenye majani makavu ya bondeni, kama alivyofanya kila mwaka, ili majani mabichi yachipue mapema. Moto ukapanda mteremko. Ulipita shambani kwa Gaudensia ukala nyasi zilizokuwa zimefumuliwa, ukaendelea mpaka msituni kwa Mzee Kasimiri, na mizinga yake ikawaka na asali ndani. Harufu ya nta iliyoungua ilikaa hewani siku nyingi. Mzee wa watu hakugombana na mtu. Alichukua shoka, akaangusha nusu ya miti ile iliyoungua, akaichoma mkaa. "Nyuki wamekwenda," alisema. "Miti ninamtunzia nani?"

Mvua za kwanza zilipokuja, kilima kilikuwa na upara. Maji hayakupata wa kuyauliza yanakwenda wapi. Yalishuka kwa kishindo, yakapasua shamba la Gaudensia katikati, yakabeba ntumba zilizobaki na ule udongo mweusi wa juu, yakaenda kuumwaga wote ndani ya lambo la Maduhu. Gaudensia alisimama mlangoni akitazama kazi yake ya msimu mzima ikipita. Hakulia. Alitazama tu ilikotoka na inakokwenda.

Msimu ule walivuna kidogo sana. Hapo ndipo alipokuja Osward.

Osward alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Gaudensia, mtu wa Makanyagio, mwenye sauti ya kikao. Shamba lilikuwa la ukoo, na baada ya kaka yake kufariki, neno la mwisho lilikuwa lake. Alifuatana na Dieudonne, fundi matofali, aliyetembea akichokonoa ardhi kwa kidole cha mguu kama mtu anayekagua godoro.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa mapenzi tu. Hili shamba limekufa. Tusidanganyane. Udongo uliokufa una kazi moja: tofali. Dieudonne atachimba hapa, ninyi mtahamia kile chumba changu cha uani."

Klementina aliinua uso kutoka kwenye kigoda chake. "Shemeji, chumba cha uani kinaota mahindi?"

Osward alikohoa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuletewa habari za njaa. "Shemeji, na hili nalo linaota? Haya. Nawapa msimu mmoja. Mahindi yajayo yakiwalisha, nitanyamaza. Yasipowalisha, Dieudonne anaingia na koleo lake. Na tofali likishachimbwa, mwanangu, pale hapalimwi tena. Panabaki shimo."

Walipoondoka, Gaudensia aliokota donge la udongo palepale aliposimama fundi. Lilikuwa gumu kama kigae. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, na msimu mmoja si kitu. Ni sawa na mtu kuambiwa avuke mto kwa kupumua mara moja.

Kiangazi hicho lambo la Maduhu lilikauka mapema kuliko miaka yote. Tope lililokuwa limejaa ndani yake liliacha kidimbwi cha kuchezea vyura. Ng'ombe walisimama pembeni, ndimi nje. Maduhu alikuwa na hasira za kutafuta mtu, na mtu aliyepita njiani alikuwa Gaudensia na ndoo yake kichwani.

"We dada!" alifoka. "Unaona? Udongo wako ndio umelala kwenye lambo langu! Nimechimba mimi, umelala wewe! Njoo uuchukue basi, kama ni mali!"

Wanawake waliokuwa wakifua kijitoni walicheka. Gaudensia akasimama. Alilitazama lile tope kwa muda. Lilikuwa jeusi, laini, limechanganyika na samadi ya ng'ombe, na nyungunyungu walikuwa wakijinyonganyonga ndani yake. Akapanda nyumbani na ndoo yake. Maduhu alidhani amemshinda.

Kesho yake alfajiri alimkuta ndani ya lambo, matope mpaka magotini, anajaza karai.

"Unafanya nini humo?"

"Uliniambia nije niuchukue, kaka."

"Ilikuwa maneno tu!"

"Mimi niliyasikia kama maneno," alisema Gaudensia, akajitwika karai, akaanza kupanda kilima.

Alipanda na kushuka, akapanda na kushuka. Siku ya pili alirudi. Siku ya tatu pia. Mke wa Maduhu aliacha kusonga ugali akamwambia mumewe kwamba kama ana mkokoteni na maksai wamesimama bure, na binti wa watu anamsafishia lambo lake kwa kichwa, basi yeye hajui tena ameolewa na mtu wa namna gani. Maduhu alikwenda kufunga maksai. Aliteremsha mkokoteni lamboni akiwa amenuna, akashika koleo.

"Usinishukuru," alisema.

"Sijakushukuru bado."

Maduhu akacheka, na kicheko kikavunja kitu kilichokuwa kimekaza tangu siku ya makaburi. Walipokuwa wakipakia, akauliza kwa sauti ya chini, "Hebu niambie ukweli. Zile nguo zilikuwa za nani?"

"Nguo zipi?"

"Za ule mtumba."

Gaudensia aliweka karai chini. Akamwelekeza neno hilo mara moja, mara mbili, ntumba, ntumba, akachora tuta kwa kidole kwenye tope na kupachika majani ndani yake. Maduhu alilitazama lile tuta dogo mpaka masikio yakamwiva. "Majani," alisema. "Mimi nimekaa sokoni nimewaapia watu."

"Nilisikia."

Ndipo Gaudensia alipomwambia yale aliyokuwa akiyatazama tangu siku ya mvua. Alizungumza polepole, bila kulaumu. Moto unapanda, maji yanashuka. Moto wa Maduhu unapanda kula mizinga ya Mzee Kasimiri. Mzee Kasimiri akikata tamaa na kukata miti, maji yanashuka kula shamba la Gaudensia. Shamba la Gaudensia likishuka, linajaza lambo la Maduhu, na ng'ombe wanakufa kiu. "Sisi watatu tunazungukana, kaka. Kila mmoja anamchimbia mwenzake shimo, na analoangukia ni lake."

Maduhu aliweka mkono juu ya mgongo wa maksai. "Mzee Kasimiri hataki hata kuniona," alisema.

"Mimi pia nimekwenda kwake. Kanijibu kwamba siku nyuki wake walioungua watakapofufuka ndiyo atakaa kikao kimoja na wewe."

Siku kadhaa zilipita. Halafu asubuhi moja mkokoteni wake ulionekana ukipanda kilima, maksai wakihema, na juu yake kulikuwa na gogo kubwa la mninga uliokuwa umeanguka wenyewe bondeni. Mzee Kasimiri alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake. Hakuinuka.

"Shikamoo, mzee."

"Umeleta nini?"

"Mimi sijui kuchonga mzinga," alisema Maduhu. "Gogo najua kubeba. Nimeleta gogo. Ukichonga, nitabeba jingine. Nitabeba mpaka mizinga niliyokuunguzia itimie."

Mzee Kasimiri alilizunguka gogo, akaligonga kwa fundo la kidole, akasikiliza. "Limekauka vizuri," alisema. Kisha akamgeukia, "Msukuma, unakunywa uji?"

Uji ule ndio uliokuwa kikao chao. Gaudensia aliitwa, akaja na mama yake juu ya mkokoteni. Walikubaliana mambo machache, kwa midomo tu. Maduhu hatawasha tena moto bondeni. Badala yake atakata nyasi na kuzihifadhi, na Gaudensia atapanda matete kukingama mteremko shambani kwake, yazuie maji na yawe chakula cha ng'ombe. Ng'ombe hawatazurura kwenye mabua ovyo. Maduhu atajenga zizi la miiba la kuhamishika katikati ya shamba la Gaudensia, walale hapa siku chache, pale siku chache, mpaka shamba lote lipate samadi na mkojo wao. Mzee Kasimiri atayaacha machipukizi ya miombo yakue bila kuguswa, na atachimba mitaro ya kukinga maji pale juu, vijana wa Maduhu wakimsaidia. Gaudensia atachanganya mahindi na mbaazi na kuzungushia alizeti, ili nyuki wapate maua karibu.

"Na ntumba?" aliuliza Klementina.

"Ntumba tutazika wote," alisema Maduhu. "Mimi nimeshatangaza msiba, lazima nishike jembe."

Tope la lambo, samadi na majani makavu vilirundikwa kwenye ntumba mpya, safu ambazo sasa zilikingama mteremko. Watu waliopita njiani waliona Msukuma, Mkonongo na Mfipa wamejiinamia kwenye shamba moja wakizika pamoja, wakatikisa vichwa. Mmoja akapiga kelele kutoka juu ya bodaboda, "Mnamzika nani leo?"

"Njaa!" alijibu Maduhu. "Karibu uweke udongo!"

Lakini mambo hayakuwa laini kama siagi. Mwishoni mwa kiangazi, mchana wa upepo mkali, moshi ulionekana ng'ambo ya kijito. Haikujulikana ni nani aliyewasha. Moto ule ulikuja ukiwa umetandaza mabawa, ndege wakiruka mbele yake, na ukafika ukingoni mwa bonde kabla mtu hajamaliza kupiga yowe. Miaka yote, moto ukija, kila mtu wa mteremko ule alikimbilia chake. Maduhu alikuwa tayari amegeuza ng'ombe wake kuelekea barabarani. Gaudensia alimwona. Akatazama shamba lake, nyasi zote zile kavu walizokusanya, akatazama juu ambako mizinga mipya ilikuwa imeanza kupata wapangaji. Kila kitu kilikuwa kinangoja cheche moja.

Maduhu aliwaona ng'ombe wamefika barabarani, akamwachia mkewe fimbo, akarudi akikimbia.

Palikuwa na kipande kirefu kando ya kijito ambacho ng'ombe walikuwa wamelishwa humo kwa makusudi mpaka ardhi ikabaki tupu, na moto ulipofika hapo ulilala kama mbwa aliyepigwa. Ila kwenye kona ya juu, upande wa msitu, ulipata majani ya miombo yaliyoanguka, ukaruka. Mzee Kasimiri alikuwa amekwisha kufika pale, anapiga miali kwa tawi bichi, anakohoa. Gaudensia akavunja tawi lake. Chini walisikia magurudumu: Maduhu alikuwa amepakia mapipa ya maji kutoka lamboni, lile lambo ambalo miaka mingine wakati kama huo lilikuwa vumbi tupu, na sasa, kwa kuwa limezolewa tope, maji ya kijito yalikuwa yamepenya humo hadi kufika kiunoni. Walimwaga, wakapiga, wakamwaga. Nyusi za Maduhu ziliungua. Moto ulipokufa, walikaa chini palepale, weusi kama masufuria, wakisikia mizinga ikivuma juu ya vichwa vyao.

"Sikia," alisema Mzee Kasimiri. Machozi yalikuwa yanamtoka, akayasingizia moshi.

Kisha mvua zikaja. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, Gaudensia alitoka nje akasimama katikati yake bila mwavuli. Aliyangoja yale maji. Yakashuka kutoka kilimani, yakakuta mitaro ya Mzee Kasimiri, yakapunguza mwendo. Yakafika kwenye ntumba na machipukizi ya matete, yakajitandaza, yakakaa, yakazama. Kilichofika lamboni kwa Maduhu kilikuwa maji na si tope. Gaudensia alipiga magoti kwenye matope akacheka peke yake kama mwendawazimu, mama yake mlangoni akimwambia ataugua.

Mahindi yalitoka ardhini kwa kijani kilichokoza, kikielekea weusi. Mbaazi zikapanda katikati yake. Kiduha kilijaribu hapa na pale, kikakosa nguvu. Alizeti zilipofungua nyuso zao, nyuki wa Mzee Kasimiri walizijaza tangu umande haujakauka, na kware ambao Klementina alikuwa hajawasikia tangu aolewe walianza kuitana kwenye matete. Maduhu alikata matete kwa zamu, na maziwa ya ng'ombe wake yakaongezeka mpaka mkewe akaanza kugawa mtindi bila kuombwa.

Siku ya mwisho ya kuvuna, Osward alikuja kama alivyoahidi. Alikuja na Dieudonne, na Dieudonne alikuja na kibao chake cha kufyatulia. Walikuta ghala la mianzi limejaa mpaka mlangoni, na mengine yamerundikwa uani juu ya turubai. Osward aliokota hindi, akalipima kiganjani, akaokota jingine.

"Mwaka mmoja wa bahati," alisema. Sauti yake haikuwa na nguvu ya siku zote. "Mwakani je? Dieudonne, pima udongo. Kama bado ni wa tofali, ni wa tofali."

Gaudensia aliweka chini mahindi aliyokuwa ameyashika. Mzee Kasimiri na Maduhu walikuwa wamekuja kusaidia kuvuna. Wakasimama, mmoja kulia, mmoja kushoto kwake.

Dieudonne alichimba palepale ambapo mwaka uliopita alichokonoa kwa kidole cha mguu. Koleo liliingia bila kelele. Akachanganya na maji, akakanyaga, akajaza kibao, akakandamiza, akafyatua. Tofali lilikaa dakika moja hivi, kisha likaanza kulegea. Pembe moja ikaanguka. Katikati ukatokea ufa, na ndani ya ufa ukachungulia nyungunyungu, akajinyoosha, akatoka. Fundi akajaribu tena. Safari hii halikungoja hata kutoka kibaoni.

Dieudonne alichota konzi moja, akainusa kama mtu anayenusa mkate. "Mzee," alimwambia Osward, "huu udongo haushiki. Umejaa mizizi, samadi, majani yaliyooza, na wadudu wenye afya kuliko mimi. Hata nikiutia tanuruni utapasuka." Akaifuta mikono kwenye suruali. "Mimi kazi yangu ni udongo uliokufa. Huu uko hai. Acha nitafute kwingine."

Maduhu alipiga kelele ya Kisukuma iliyofanya ng'ombe wainue vichwa bondeni. Klementina aliinuka kwenye kigoda, mguu na uvimbe wake, akapiga vigelegele mpaka majirani wa Ilembo wakatoka nje kuuliza kuna harusi gani. Mzee Kasimiri alimshika Gaudensia begani.

"Basi," alisema Osward. Alivua kofia. "Shamba ni lenu. Mbele ya mashahidi hawa, nimesema. Halitoki tena mikononi mwa mtoto wa kaka yangu."

"Asante, baba mdogo."

Walimkaribisha akala. Aliletewa mahindi ya kuchemsha, mbaazi, mtindi wa mke wa Maduhu na asali kwenye kibakuli. Alikula, akaitazama ile asali, akautazama mtindi, akawatazama wenye navyo, mmoja mmoja. Alipomaliza aliwaongoza mpaka mwisho wa shamba, akanyoosha mkono kuelekea kilima cha ng'ambo, ambako paliteremka kipande kitupu chenye makorongo mekundu.

"Lile ni langu," alisema. "Nimelilima peke yangu, nikatia mbolea ya dukani peke yangu, nikazungusha seng'enge ili pasikanyage mtu wala ng'ombe. Limekataa. Nilikuwa nimepanga nalo nimpe Dieudonne." Akaigeuzageuza kofia mikononi. Sauti ya kikao ilikuwa imemwishia. Iliyobaki ilikuwa ya mtu wa kawaida. "Ng'ombe walale na kwangu siku chache. Nyuki wafike. Mnifundishe hiyo ntumba. Jamani, na mimi nipokeeni."

Gaudensia alimtazama Mzee Kasimiri. Mzee Kasimiri alimtazama Maduhu. Maduhu aliutazama waya wa seng'enge uliomeremeta kule ng'ambo kuzunguka ardhi tupu. Upepo ulipita kwenye matete. Osward alibaki amesimama kwenye tuta, kofia mkononi, akingoja.

Jifya moja haliinjiki chungu.